Harufu Chumbani kwa Somoe

Haya yalimpata shoga yangu Somoe, hapa hapa Bagamoyo, siku zile mafuta ya taa yalipoanza kuingia madukani. Chumba chake cha ndani, kisicho na dirisha, alimofia mwanawe mchanga, kilinuka mafuta. Akanusa taa, kavu. Akanusa debe uani, limezibwa.

"Pua yako yapenda ugomvi," mumewe Hija akamcheka. "Fukiza udi, harufu itatoka." Akamtilia makaa chetezoni kwa mkono wake, mume asiyewahi kumwashia hata jiko.

Somoe akaingia nacho gizani. Akanusa mkeka, akanusa shuka, hamna kitu. Alipoinua uso, tone likamwangukia shavuni. Mafuta! Makuti yote juu ya kitanda yamelowa. Nyuma yake komeo la nje likasukumwa taratibu.

"Hija! Mume wangu, nifungulie!"

"Tulia, mke wangu," akajibu kwa upole, na nyayo zake zikatokomea.

Udi ukapasuka, cheche zikaruka. Hapo Somoe akasikia pumzi sikioni, fuu, kama mtu apulizaye uji. Makaa yote yakazimika.

Akapiga kelele mpaka majirani wakamfungulia. Muda wote huo, aliniapia, pumzi ile ilikuwa shingoni mwake, nayo ilinuka maziwa ya mtoto mchanga.