Mubaya Wangu wa Sinema

Soko la mtaa uitwao Kenya, pale Elisabethville, siku ya Jumamosi halikuwa na adabu. Unakanyagwa mguu, halafu aliyekukanyaga ndiye anayekulaumu. Ulikuwa mwaka wa pili wa Katanga kujitenga. Jeep ya askari wa ONU, yaani Umoja wa Mataifa, ilipita na kofia zao za buluu, wauza vitunguu wakawazomea kidogo, biashara ikaendelea.

Albertine Mwansa, muuzaji wa duka la dawa mjini, alikuwa amependeza siku hiyo: blauzi ya libaya ya manjano, kitenge kipya, nywele zimesukwa zikang'aa. Aliinama kwenye meza ya vioo kutafuta kitana. Ndani ya kioo akaona uso wa mwanaume umekenua meno, macho yamemtoka, unamkazia yeye.

"Yesu Maria!" Akaruka, vitana vikamwagika chini.

Uso ule ukacheka. Alikuwa kijana mrefu, suruali ya kijivu imepigwa pasi ikakaa sawasawa, utepe wa kupimia nguo shingoni.

"Pardon, mademoiselle. Sikukuangalia weye. Nilikuwa ninajifundisha ubaya."

"Ubaya banajifundisha? Bantu banazaliwa nao!"

"Mi nilizaliwa muzuri. Ndiyo hiyo, njo shida yangu."

Albertine akacheka bila kutaka. Huku wakiokota vitana, Albertine akataja jina lake na duka la dawa analofanyia kazi, na kijana akajieleza: jina lake Amadi, mshonaji, mtu wa mtaa wa Kamalondo, wazee wake walitoka Maniema. Tangu barabara zifungwe filimu mpya haziji, na zile kuukuu za cowboy watoto wamezijua mpaka majina ya farasi. Kwa hiyo Désiré, mpiga picha wa hapo Kenya, ameamua kutengeneza filimu yake mwenyewe. Amadi amepewa kuwa mtu mbaya.

"Mubaya gani?"

"Désiré anakataza tuseme. Ni surprise."

Albertine akafikiria kofia pana na bastola. "Basi kwaheri, Mubaya."

"Utaniita vile mpaka lini?"

"Mpaka nikuone muzuri."

Mwanamke akishakupa jina, ndugu yangu, ujue umekwisha. Amadi alikuwa akishona kwenye baraza la duka la Mgiriki mmoja, na Mgiriki huyo alikuwa na simu. Jumatatu ikalia kule dukani kwa dawa.

"Allo, pharmacie."

"Madame, niko na ugonjwa. Moyo unapiga kama cherehani."

"Weye nani?"

"Mubaya."

"Ah non! Patron iko hapa!" Lakini hakukata. "Kunywa maji, ulale."

"Nalala, nakuota. Naamka, hauko. Dawa gani ile?"

"Ya kumeza ulimi wako. Saa kumi na moja natoka. Ningoje ku mulango wa nyuma."

Wakawa wanakutana mlango uleule kila siku. Walikunywa limonadi karibu na posta, Amadi akampima mabega kwa macho na kumshonea blauzi iliyomkaa bila kumgusa na utepe. Albertine akaringa nayo kazini mpaka patron, mwenye duka, akauliza kama kuna harusi.

Siku moja, chupa mkononi, Albertine akasema, "Nilikuwa na yaya, dada yangu mukubwa. Alikufa mbele ya Indépendance, uhuru haujafika."

"Ugonjwa?"

"Tuache, chéri."

Amadi akaacha. Laiti angeuliza! Lakini mapenzi yakiwa mapya mtu anaogopa hata kukohoa.

Sasa nikwambie wewe, kabla yeye hajajua. Miaka michache nyuma kulikuwa na mtu aliyeua wanawake wa soko, mmoja baada ya mwingine. Alivaa koti refu zito hata wakati wa joto, watu wakamwita Bwana Kabuti. Alinyongwa, akazikwa, lakini akina mama walikuwa bado wanatishia watoto kwa jina lake. Wa mwisho kuuawa alikuwa Chanda, yaya yake Albertine. Mtaa mzima ulisema Chanda alimfuata yule mtu kwa hiari yake, ameshika mkono wake, anacheka, anakwenda kunyweshwa bia. Kifo walikizika. Maneno hayo hayakuzikika. Ndiyo maana Albertine hakutaja.

Na Désiré, bila kuuliza mtu yeyote wa familia, alikuwa anatengeneza filimu ya Bwana Kabuti.

Alhamisi moja Albertine akapika bukari, ugali wa kwao, na samaki wa ziwani kutoka Kilwa, akafunga sufuria kwa kitambaa, akaenda kumshtukiza mpenzi wake kule walikokuwa wanapiga picha, kando ya reli. Njia nzima alitabasamu peke yake. Akafika, akaona kabuti jeusi refu. Ndani yake, Amadi. Kwenye mkono wake ananing'inia msichana aliyejipaka midomo nyekundu. Désiré nyuma ya kamera anapiga kelele:

"Cheka, Chanda! Fungua mulomo! Weye njo unamufuata!"

Sufuria ikaanguka. Mchuzi ukamwagika miguuni pake na hakusikia moto.

"Albertine!" Amadi akakimbia kwake, kabuti linapepea.

"Usinikaribie na ile nguo!"

"Chérie, ni mchezo tu..."

"Mchezo? Ule ni yaya yangu! Yaya yangu munamucheza hivi, anacheka?" Akamnyooshea kidole. "Na weye, mikono yako njo ulinishonea nayo blauzi?"

Akaondoka anakimbia. Amadi akabaki amesimama juu ya samaki, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza sura yake ikatisha kweli.

Akapiga simu. "Allo, pharmacie." "Albertine, sikujua..." Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa. Ya tatu akajibu patron mwenyewe, na Amadi akajikuta ameagiza dawa ya minyoo.

Usicheke. Mtu huyo alikuwa hapati usingizi. Jumapili akavaa suti yake ya bluu, akaenda mtaa wa Katuba kwa mama yao Albertine na Chanda, Mama Germaine. Albertine alipomwona akaingia chumbani, akafunga mlango. Amadi akabaki mlangoni kwa nje, kofia mkononi.

"Mama, nimekosa. Nilicheza kifo cha mutoto wako bila kuuliza. Sikuya kuomba bibi wa kuoa. Naomba unielezee vile ilikuwa."

Mama Germaine akamvutia kigoda. Hakuna aliyewahi kumwomba hilo.

"Kaa chini," akasema. "Ule muntu alieleza yeye mwenyewe ku polisi: alifika soko, akamuambia Chanda: mama yako amegongwa na motokari, analala kule ku reli. Mutoto akaacha samaki yake yote juu ya meza. Akashika mukono wa ule muntu amuonyeshe njia, anakimbia." Akajifuta macho kwa kitenge. "Bantu banasema alifuata mwanaume. Hakufuata mwanaume. Alinifuata mimi. Na alimuluma sikio mpaka likakatika, kwa ile sikio njo bakamukamata. Ile hawaiseme."

Nyuma ya mlango wa chumba mtu alikuwa analia.

Amadi akaenda kwa Désiré moja kwa moja, kuomba ile picha ya Chanda ibadilishwe. Désiré akashika kichwa: mkanda wa kamera umekwisha, mwingine haupatikani, barabara zimefungwa, na ukumbi wa misheni umeshapatikana. Picha ya Chanda akicheka haiwezi kukatwa wala kupigwa upya.

Jumatatu simu ikalia.

"Usikate!" Amadi akasema haraka. "Ile filimu haina sauti. Iko picha tu, Désiré njo atasema na micro, kipaza sauti. Picha siwezi kubadilisha. Lakini picha haina mulomo, Albertine. Kuya Jumamosi ku misheni, umupe yaya wako mulomo."

Albertine akaiondoa simu sikioni. Kisha, klak.

Jumamosi ukumbi ulijaa saa tisa mchana, kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Joto, karanga, marashi, watoto juu ya mapaja. Amadi alikuwa mstari wa mbele na kiti kitupu pembeni yake. Kabuti likatokea kwenye kitambaa cheupe, ukumbi ukapiga yowe. Désiré akanogesha kwa kipaza sauti. Akatokea msichana wa midomo nyekundu.

"Na huyu njo Chanda, mutoto wa raha..."

"Hapana!"

Albertine alikuwa anapita katikati ya viti, amevaa blauzi ileile aliyoshonewa. Désiré akaficha kipaza sauti kifuani. Amadi akainuka, akakichukua kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akampa Albertine.

"Muache aseme!" wanawake wa soko wakapaza sauti.

"Huyu ni Chanda, yaya wangu," Albertine akasema. "Hacheke. Muangalie muzuri. Analia. Bamemuambia mama amegongwa. Anauliza: mama iko wapi? Mama anaumwa wapi?"

Kinywa kile kile kilichofunguka wazi, macho yale yale yaliyofinywa: sasa kila mtu aliona msichana anayelia. Albertine akaendelea hadi mwisho, hadi kwenye sikio. Mama Germaine, nyuma kabisa, akasimama, na wanawake waliokuwa wamesema maneno yale miaka yote wakasimama naye.

Taa zikawaka. Mtu akamwona Amadi. "Kabuti! Ule pale! Mumushike!" Watu wakamrukia, tai ikavutwa, karanga zikamnyeshea.

"Mumuache!" kipaza sauti kikalia. "Ule iko wangu!"

Wakamwachia. Albertine akaziba mdomo kwa mkono, lakini mtaa wote wa Kenya ulikuwa umeshasikia, na akina mama wakaanza kupiga vigelegele.

Jumatatu simu ikalia.

"Allo, pharmacie."

"Ni Mubaya."

"Hapa hatujui Mubaya. Labda Amadi."

Upande wa pili mtu akavuta pumzi. "Amadi anauliza, bakubwa yake bakuye kwenu kuposa siku gani."

Albertine akageuza mgongo ili wateja wasimwone. "Mama anasema Jumapili. Na kabuti?"

"Nimelifumua. Uzi kwa uzi."

"Basi mukuye na njaa," akasema. "Napika samaki kama ile yenye ilimwagika."