Maddi na Njia Iliyozama

Sogeeni karibu, watoto. Kaeni vizuri, mkae kimya. Hiki ni kisa cha Maddi na bibi yake.

Maddi alikuwa na miaka sita. Aliishi na Bibi Edurne katika nchi ya Wabaski, huko mbali ambako milima inashuka mpaka baharini.

Asubuhi moja Bibi alisema, "Maddi, leo hatupiki. Leo hatufui. Leo tunatembea!"

Wakapanda treni ndogo ya pwani. Chuku-chuku, chuku-chuku! Upande huu mlima. Upande huu bahari.

Treni ilikwenda taratibu, na Bibi alifurahi sana. Alipenda siku isiyo na mbio.

"Polepole, mjukuu wangu," alisema. "Leo hatuna haraka."

Wakashuka katika mji mdogo wenye bandari. Mashua nyekundu, mashua za kijani, zote zilikuwa zimefungwa kamba. Na harufu! Harufu ya samaki wa kuchoma ilikuwa kila mahali.

Tumbo la Maddi likalia, kruuu.

Kwenye jiko la mkaa alisimama mama mrefu mwenye aproni ya bluu. Jina lake Garazi.

"Kaisho!" alisema Garazi. Ndivyo wanavyosalimiana watu wa huko.

"Kaisho, mwanangu," alijibu Bibi. "Tupe dagaa, tuna njaa."

Dagaa wa huko ni wakubwa, wanene kuliko kidole gumba cha baba. Mafuta yao yalidondoka kwenye mkaa, chwaa! Maddi akala dagaa wanne. Akalamba vidole vyote kumi.

Kisha akakiona kisiwa.

Kilikuwa kisiwa kidogo chenye miti juu yake. Kilikuwa karibu kabisa. Kutoka ufukweni mpaka kisiwani kulikuwa na njia ya mawe.

"Bibi, twende kule!"

Garazi akafuta mikono kwenye aproni. "Nendeni, lakini msikae sana. Sasa maji yamekupwa, njia iko wazi. Baadaye maji yatajaa, na njia itazama."

"Itazama yote?" aliuliza Maddi.

"Yote. Hutaona hata jiwe moja."

Bibi akanunua ngisi wa kukaanga, wa kula huko. Wakaenda, mkono kwa mkono. Mawe yalikuwa na utelezi.

Katikati ya njia palikuwa na jiwe moja kubwa. Mwani ulikuwa umeota juu yake, kama nywele za kijani. Maddi akalishika kichwa. Lilikuwa kavu, limepigwa na jua.

Kisiwani kulikuwa na raha. Maddi aliona kaa watatu wakikimbia upandeupande. Akaokota kombe saba. Bibi akatandika shali yake, akavua viatu, akafungua mfuko wa ngisi.

Ndipo Maddi akasikia kitu.

Shwaa... shwaa...

Akatazama chini. Maji yalikuwa yamefika kwenye miguu ya lile jiwe.

"Bibi, maji yanakuja."

"Polepole, mjukuu wangu," alisema Bibi. "Leo hatuna haraka." Akachukua ngisi mwingine.

Shwaa... shwaa...

Maddi akatazama tena. Sasa jiwe lilibaki nusu.

"Bibi, jiwe limebaki nusu."

Bibi alikuwa amelala chali. Jua lilimpiga usoni, naye alikuwa amefumba macho. "Dakika moja tu, Maddi. Dakika moja tu."

Dakika moja ikapita. Ikapita nyingine. Na nyingine.

Shwaa... shwaa...

Jiwe halikuonekana tena. Zilibaki nywele zake tu za kijani, zikielea juu ya maji.

Moyo wa Maddi ukaanza kwenda mbio. Du-du, du-du, du-du. Alifundishwa asimpigie mtu mzima kelele. Alifundishwa asimwamshe Bibi akilala.

Lakini maji yalikuwa yanakuja!

Maddi akamshika Bibi mabega, akamtikisa kwa nguvu zake zote.

"Bibi! Amka! Jiwe limezama!"

Bibi akafumbua macho. Akatazama bahari. Uso wake ukabadilika.

Safari hii hakusema, "Polepole."

"Viatu!" alisema. "Haraka, Maddi. Haraka!"

Wakashuka mbio mpaka kwenye njia. Maji yalimfika Maddi kwenye vifundo. Yalikuwa ya baridi. Hatua chache tu, yakamfika magotini. Yalimvuta huku, yakamvuta kule.

Mara Bibi akateleza. Puuh! Akaanguka ndani ya maji.

"Aah! Mguu wangu!"

Maddi akamshika mkono. Bibi akainuka, lakini alichechemea. Nguo zake zilichuruzika maji.

"Twende, Maddi," alisema Bibi huku akitweta. "Mji uko pale tu. Tutapita."

Maddi akatazama nyuma. Huko mawe bado yalionekana, meusi meusi chini ya maji.

Akatazama mbele. Hakuona hata jiwe moja.

"Hapana, Bibi. Mbele hakuna mawe. Turudi kisiwani."

"Maddi, mwanangu..."

"Turudi, Bibi! Tafadhali!"

Bibi akatazama mbele. Akamtazama Maddi.

"Haya," alisema. "Turudi."

Maddi akatangulia. Alipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga.

"Jiwe hapa, Bibi."

Bibi akakanyaga hapo.

Shwaa! Wimbi likawarukia.

"Jiwe hapa, Bibi."

Bibi akakanyaga hapo.

"Hapa hakuna, Bibi! Ngoja... Jiwe hapa."

Jiwe kwa jiwe, jiwe kwa jiwe, wakafika kisiwani. Wakapanda mpaka kwenye miti, wakaketi chini. Meno ya Maddi yaligongana, ka-ka-ka-ka.

Chini yao, njia yote ilikuwa imezama.

"Jamani!" aliita Bibi. "Tuko huku!"

"Tuko huku!" aliita Maddi.

Upepo ukachukua sauti zao, ukazipeleka kwingine. Shakwe peke yao ndio waliojibu. Kraa! Kraa!

Kule bandarini watu walionekana wadogo kama sisimizi. Walikuwa wanakula. Walikuwa wanaongea. Hakuna aliyegeuka.

Maddi akachukua shali ya Bibi, akaipunga. Akapunga kwa mkono wa kulia mpaka ukachoka. Akapunga kwa mkono wa kushoto mpaka nao ukachoka.

Wingu likafunika jua.

"Bibi, maji yatafika mpaka hapa?"

"Hapa kwenye miti hayafiki," alisema Bibi. Lakini macho yake hayakutoka kwenye maji.

Shwaa... shwaa...

Maddi akajibanza kwa Bibi. Bibi akamfunika kwa shali. Wakangoja. Wakangoja sana.

Halafu, kwa mbali, tu-tu-tu-tu-tu.

Maddi akainua kichwa.

Tu-tu-tu-tu-tu!

"Mashua, Bibi! Mashua inakuja!"

Ilikuwa mashua nyekundu. Ndani yake alisimama mama mrefu, bado amevaa aproni ya bluu.

"Niliwaona mkienda!" alipaza sauti Garazi. "Lakini sikuwaona mkirudi!"

Wakashuka mpaka kwenye mwamba, taratibu, Bibi akichechemea. Lakini mawimbi yalikuwa makubwa. Yaliipandisha mashua juu, yakaishusha chini. Garazi hakuweza kuisogeza ikaugusa mwamba.

Akarusha jaketi la kuelea. "Mvalishe mtoto!"

Bibi akamvalisha Maddi, akafunga kamba vizuri, akazivuta kuhakikisha.

"Sikiliza, Maddi," alisema Garazi. "Mashua ikipanda juu, ndipo unaruka. Ikiwa chini, usiruke. Mimi nitakwambia."

Maddi akasimama ukingoni mwa mwamba. Du-du, du-du, du-du.

Mashua ikashuka chini.

"Ngoja," alisema Garazi.

Ikapanda kidogo.

"Ngoja..."

Ikapanda juu, juu, juu kabisa.

"Sasa!"

Maddi akaruka!

Garazi akamdaka. Mikono yake ilinukia moshi na samaki. Ilikuwa mikono yenye nguvu.

Kisha Garazi akarusha jaketi jingine, na Bibi akalivaa. Akasimama kwa mguu mmoja mzima.

Mashua ikashuka chini.

"Ngoja, Bibi!" alisema Maddi.

Ikapanda kidogo.

"Ngoja..."

Ikapanda juu, juu, juu kabisa.

"Sasa!" walisema Maddi na Garazi kwa pamoja.

Bibi akaruka. Puuh! Akaangukia kwenye nyavu za samaki mle mashuani, viatu viko hewani.

Kwanza Bibi akacheka. Kisha akalia kidogo. Kisha akamshika Maddi, asimwachie mpaka bandarini.

Garazi akawaketisha karibu na jiko. Akamfunga Bibi mguu kwa kitambaa. Akawapa supu ya samaki, ya moto, yenye vipande vikubwa vya nyama nyeupe. Maddi akanywa, na joto likashuka tumboni, likaenda mpaka kwenye vidole vya miguu.

Bibi akaweka kijiko chini.

"Maddi," alisema. "Uliniambia maji yanakuja. Uliniambia jiwe limebaki nusu. Nami sikukusikiliza. Nisamehe, mjukuu wangu."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba Maddi msamaha.

Maddi akachukua mkate aliopewa pamoja na supu, akaukata vipande viwili. Kile kikubwa akampa Bibi.

Jioni treni ndogo ikawarudisha nyumbani. Chuku-chuku, chuku-chuku. Bibi alikaa upande wa dirishani. Maddi aliweka kichwa mapajani mwake, wala hakutazama bahari.

Nyumbani, Bibi alimvua nguo zenye chumvi. Akamwosha kwa maji ya vuguvugu. Akamvalisha nguo safi za kulalia.

Nje bado kulikuwa na mwanga kidogo. Bibi akavuta pazia.

"Bibi?"

"Naam, Maddi."

"Kule kisiwani, uliogopa?"

Bibi akaketi kitandani. Kitanda kikalia, kwii.

"Niliogopa sana," alisema. "Na wewe?"

"Mimi pia. Sana sana."

"Na sasa je?"

Maddi akafikiri kidogo.

"Sasa naogopa kidogo tu."

"Basi sogea," alisema Bibi.

Maddi akasogea. Bibi akalala kando yake, na mguu wake uliofungwa kitambaa ukachungulia nje ya blanketi. Kitanda kilikuwa kidogo, lakini kiliwatosha.

Maddi akashika kidole cha Bibi. Akapiga miayo mara moja. Akapiga miayo mara mbili.

Kabla ya mara ya tatu, alikuwa amelala fofofo.