Wiki ya Thelathini na Moja

Kisima cha saba kilikuwa na wiki moja zaidi.

Hellena aliliona hilo saa nne asubuhi, ofisini kwao Kizwite, programu ilipokataa kuchora grafu. Ujumbe mwekundu ulisema urefu haulingani: tarehe thelathini, vipimo thelathini na kimoja. Akafungua jedwali, akahesabu kwa ncha ya kalamu juu ya kioo. Visima kumi na viwili vya vijiji vya Kate, wiki thelathini kila kimoja. Kumi na kimoja vilikuwa sawa. Cha saba kilikuwa na namba ya ziada mwishoni: 0.9, kina cha maji kwa mita.

Akaifuta, akaamuru programu ihesabu upya. Namba ilirudi. Sasa ilikuwa 0.7.

"Dada Hellena, unagombana na kompyuta?" Kija, aliyechangia naye meza, alicheka. "Izime, uiwashe. Kwetu hata ng'ombe akigoma tunamwacha apumue."

"Nimeizima mara mbili. Nimeiambia ichore thelathini za mwanzo tu."

"Ikafanyaje?"

"Imechora thelathini na moja."

Ripoti ilitakiwa saa nane mchana. Ndiyo ingeamua vijiji gani vichimbiwe visima virefu kabla kiangazi hakijakolea. Humo, kisima cha saba kilikuwa na maji ya kutosha, mita nne na ushei. Hellena ndiye aliyeandika hivyo, na hakuwa amekipima tangu wiki ya tisa.

Kisima kile kilikuwa na masharti. Bibi Dominika, aliyekitunza, alimtaka kila anayefika avue viatu, aweke unga wa ulezi kidogo ukingoni na kumsalimia mwenye kisima, aliye chini ya maji, kabla ya kushusha chochote. Wiki nane Hellena alivumilia. Wiki ya tisa tope lilikuwa la baridi, na vijana wa bodaboda walimcheka msomi anayeamkia shimo. Akashusha kamba ya kupimia akiwa na buti zake, bila unga, bila neno. Kamba ikavutwa kutoka chini. Mara moja tu, taratibu, kama mtu anayejaribu uzito wa mzigo.

Hakurudi. Wiki ishirini na moja zilizobaki alizijaza kwa wastani wa kisima cha sita na cha nane, kwa amri ya mstari mmoja, akasaini kwamba alifika.

Saa sita harufu ikaanza: tope bichi, lililokaa gizani muda mrefu. Kisha tone la maji likasikika, na jingine.

"Kuna bomba limepasuka?" Kija aliuliza. Hakuwa akicheka tena. "Dada, hilo tone linadondokea wapi?"

Macho ya Hellena yalikuwa kwenye grafu iliyojichora bila kuamriwa, mstari wa kisima cha saba ukiacha mita nne zake za uongo na kuporomoka, 0.5, 0.4, ukivuka tarehe ya mwisho na kwenda pale ambapo hapakuwa na tarehe, na kila uliposhuka tone lilisikika karibu zaidi, mpaka akahisi soksi zake zinalowa ndani ya viatu vikavu.

Akapiga simu.

"Shikamoo bibi. Ni Hellena wa vipimo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ulipotea."

"Kisima kina maji kiasi gani?"

"Maji? Tunakwangua tope kwa bakuli. Sasa hivi tumemshusha Jenifa, ndiye mwembamba."

Kwenye kioo: 0.2.

"Mtoeni! Bibi, mvuteni sasa hivi!"

Kelele za wanawake zilijaa simu, kamba ikalia, kisha kishindo kizito kikasikika, na sakafu ya ofisi nayo ikatikisika.

"Ametoka," Bibi Dominika alisema akihema. "Ukuta umeanguka nyuma ya visigino vyake. Wewe umejuaje?"

"Nilidanganya, bibi. Sikuja. Niliandika maji yapo."

"Usiniambie mimi. Naiweka simu ukingoni. Vua viatu."

Hellena akavua. Mbele ya Kija, kwa sauti ndogo, alilisalimia shimo akaliambia yote, wiki kwa wiki, ishirini na moja. Kisha akafuta namba zote za uongo, mstari wa kisima cha saba ukakatika wiki ya tisa, na kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti akaandika alichofanya na jina lake. Pengine angefukuzwa kazi. Harufu ilikuwa imekwisha.

Saa nane kasoro dakika tano alichora grafu kwa mara ya mwisho.

Urefu haulingani. Kisima cha nne.

Mwanzoni hakuelewa. Kisha akakumbuka wiki ya kumi na saba: mvua, akageuza nusu ya njia, akaandika namba ya wiki iliyotangulia. Siku moja tu. Akautazama ukurasa wa kwanza, na jina lake chini ya kosa ambalo tayari lilikuwa kubwa.

"Imekaa sawa?" Kija alinong'ona.

"Imekaa sawa," alisema, akabonyeza kutuma. Chini ya meza, kitu kikauvuta waya wa kompyuta, mara moja tu, taratibu, kama mtu anayejaribu uzito wa mzigo.