Mbegu za Baba Augustin

Kila asubuhi Gracia aliteka maji bombani, akaosha sufuria, kisha akakimbilia shule iliyokuwa chini ya turubai. Aliishi na baba yake, Augustin, katika kambi ya wakimbizi mjini Bunia. Vita viliwatoa kijijini kwao Fataki na kumuua mama yake njiani. Katika mali yote, baba aliokoa mfuko mmoja wa mbegu za maharagwe.

Mvua zilipokaribia, parokia iliwapa wakimbizi vipande vya shamba. Watu wakaazimana majembe. Baba Augustin yeye alipita vibandani akigawa mbegu zake, konzi kwa konzi, hadi mfuko ukabaki mtupu. Majirani wakamsifu kwa ukarimu. Gracia aliingiwa na hofu. Alizaliwa na wakulima, na mkulima, hata njaa imkabe, hali mbegu yake. Anayeigawa yote msimu wa kupanda hatarajii kuvuna.

"Baba, siye tutapanda nini?"

"Weye utabaki na shangazi yako Adeline. Mi nimechoka, mutoto wangu. Nataka kumufuata mama yako. Usiambie mutu."

Tangu lini mtoto akatoboa siri ya baba yake? Aibu ingewafunika wote wawili. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na Gracia aliona heri baba mwenye hasira kuliko kukosa baba. Alikimbilia zahanati ya kambi, akamweleza muuguzi, Mama Valérie, yote huku akilia.

Mama Valérie hakungoja kesho. Akiongozwa na Gracia, alimkuta Baba Augustin nyuma ya kibanda, akaketi chini kando yake, akamuuliza bila kuzunguka:

"Baba Gracia, unawaza kujiua?"

Baba aliitikia kwa kichwa. Kisha akalia machozi ambayo hakuyatoa hata msibani. Alimtazama binti yake kwa hasira, na jicho lile lilimchoma Gracia kuliko kiboko. Mama Valérie alimsikiliza baba bila kumhubiria wala kumkaripia. Tangu hapo hakuachwa peke yake. Shangazi Adeline alihamia kwao, na baba akaanza kwenda zahanati kuzungumza na mtu aliyesomea kutuliza mioyo iliyoumia.

Huzuni haing'oki kama jino. Siku nyingine aliamka vizuri, siku nyingine hata kunawa uso kulimshinda. Polepole akaanza kula, kisha kulala. Jioni moja akamwita Gracia.

"Nilikukasirikia juu ulisema siri yangu," alimwambia. "Lakini sikia. Siri ingine unachunga. Siri ya kifo, hapana. Ile unaipeleka kwa mutu mukubwa mbio, hata kama ni baba yako amekukataza. Roho nayo inagonjwaka kama mwili, na iko na dawa."

Gracia akamuuliza kama bado anataka kumfuata mama.

"Wazo inakuyaka, inarudi siku zingine," baba alisema bila kumficha. "Ikikuya, ninaisema. Mama yako atangoja kwanza. Mi niko na weye."