Sabato za Bochaberi

Bochaberi aliuza ndizi katika soko la Migori. Ukimpita bila salamu, alikuita mpaka ugeuke. Maneno alikuwa nayo tele. Wa kuzungumza naye nyumbani ndiye hakuwepo. Mumewe alishafariki, na mwanawe Ogeto alikuwa kazini Nairobi. Sabato ndiyo ilikuwa siku yake. Aliimba, akala na wenzake pale kanisani, akarudi jua likizama.

Kisha baridi yabisi ikamshika vidole. Asubuhi viliamka vimevimba, hata kifungo cha rinda kikamshinda. Hospitalini alipewa tembe za kumeza mara moja tu kwa wiki. Zilimsaidia, tusizisingizie. Baada ya miezi kadhaa vidole viliweza kukunjika tena, na kifungo akakifunga.

Lakini alizimeza kila Ijumaa jioni. Kwa Waadventista Ijumaa ni siku ya maandalio: unapika, unafua, unapiga pasi, unamaliza kila kitu kabla ya Sabato. Naye akaihesabu dawa kuwa moja ya kazi hizo.

Basi kila Sabato akaamka na kichefuchefu, mwili umelegea. Nyimbo za kanisani alizisikia kwa mbali, amelala, ndoo kando ya kitanda. Alilia jamani. Hakumwambia mtu, maana ukisema unameza dawa ya kudumu, watu watakuchagulia ugonjwa.

"Afadhali maumivu kuliko kukaa peke yangu," alijisemea, akaziacha tembe.

Akarudi kanisani, akaimba. Furaha hiyo haikudumu. Vidole vikavimba upya, magoti nayo yakaingia. Sasa hata kutembea hadi kanisani hakuweza. Akakosa huku na huku.

Siku moja Mellen, mhudumu wa afya wa mtaa, alimkuta nyumbani aking'ang'ana na kifuniko cha chupa ya chai kwa meno.

"Mama Ogeto! Hayo meno yakiisha utanunua mengine wapi?"

Bochaberi alitaka kucheka, akalia. Akamweleza yote.

"Pole mama. Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Hizi kuta?"

Mellen alivuta kigoda, akaketi karibu. "Dawa hii huleta kichefuchefu kwa wengi. Hospitali wanajua, na kuna njia ya kukipunguza. Ulipewa pia vidonge vya foliki?"

"Vile vya wajawazito? Niliviweka. Mimi nina wajukuu, Mellen!"

"Woi, mama! Hivyo ndivyo vinavyokukinga na madhara ya dawa yenyewe." Mellen alicheka, kisha akatulia. "Twende kliniki kesho. Usianze tena mwenyewe, usibadilishe siku mwenyewe. Na ukisahau, usimeze maradufu. Dawa hii ikizidi ni sumu."

Kule kliniki daktari alimpima damu kwanza, aone kama ini na figo ziko sawa. Akampangia dawa iwe Jumapili usiku, baada ya kula, na foliki siku nyingine.

"Ukiona vidonda mdomoni, homa, kukosa pumzi au macho ya manjano, usingoje tarehe yako. Njoo mbio," alisema. "Na kupima damu usikose."

Jumatatu bado zilikuwa nzito kidogo. Alichelewa kufungua kibanda chake cha ndizi, basi. Wiki baada ya wiki uvimbe ukashuka.

Sabato aliyorudi kanisani, alikaa benchi la nyuma. Hakujua kama kuna aliyemkumbuka. Phelesia, aliyeimba naye kwaya, alimwona, akaacha nafasi yake akaja.

"Dada, unakuja, unapotea. Tulidhani umetuchoka."

Bochaberi alikaribia kusema ni kazi nyingi. Kisha akafikiria zile kuta zake.

"Ni dawa ya viungo, Phelesia. Iliniangusha kila Sabato. Sasa huniangusha Jumatatu, lakini si sana."

"Na Jumatatu nani hukupikia uji?"

Bochaberi alitikisa kichwa.

"Haya," Phelesia alisema, akimshika vidole polepole asivitonese. "Jumatatu usifunge mlango. Nakuja."