Kifaa Kisicho na Jina

Kompyuta ilisema kifaa kimeunganishwa, na kifaa chenyewe kilikuwa kimelala mezani, waya wake umejiviringa kama mkia wa mjusi aliyekufa. Sindano akatazama skrini, akatazama waya. Akatia kisikilizio cha kazi katika sikio la kulia. Mtu alikuwa anapumua.

"Fundi Moshi, umechomeka kitu?"

"Mikono yangu si unaiona?" Mmoja ulishika chai, wa pili mkate. Fundi Moshi, aliyepewa jina kwa ajili ya moshi wa kulehemu, alikuwa mtu wa kula kwanza na kushtuka baadaye.

Walikuwa wakitengeneza kidude cha kubandika kifuani mwa mgonjwa, ili pumzi zake zisikike kwenye kompyuta iliyo mbali. Sasa mfumo endeshi mpya wa kompyuta ulikuwa unatoka, na mfumo mpya huwa hautambui vitu vya zamani, utadhani mkwe aliyepata cheo. Kwa hiyo kidude kilihitaji draiva mpya, yaani mkalimani wa kukaa kati yake na kompyuta. Aliyeiandika ni Sindano, mwanamke mwembamba, mwepesi wa kuchoma watu kwa maneno, asiyependa kusubiri.

Na hapo ndipo alipoharibu. Kila kifaa kikichomekwa, draiva hukiuliza jina. Jina likilingana, kinaingia. Vidude vya majaribio alivyoleta Fundi Moshi vilikuwa havijatiwa majina, vikawa vinafukuzwa mlangoni na kazi haiendi. Sindano akalifuta swali. Yeyote atakayebisha, apite. Nitalirudisha baadaye, alisema, kama wasemavyo wote. Asubuhi hiyo bosi, ambaye siku zote ana haraka ya mtu anayefukuzwa na nyuki, aliichukua draiva vilevile na kuituma katika nyumba za wagonjwa wa majaribio.

Nyumba mojawapo ilikuwa ya mama yake Sindano, kompyuta ikiwa kando ya kitanda. Mama alikuwa kitandani, mapafu yamechoka, na daktari alishasema maneno yale ya kuangalia chini. Mchana alitunzwa na mdogo wake wa kike, mama mdogo wa Sindano. Sindano alikuwa akimsikiliza kutoka kazini kupitia simu, sikio la kushoto halikosi pumzi za mama, zikikwama, akimbie.

Pumzi ya kulia haikuwa ya mgonjwa. Ilivuta tu. Ilivuta, ikavuta, wala haikutoa. Kisha ikaja harufu ya udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa sasa hivi.

"Umeunguza nini wewe?"

"Sijawasha kitu, dada." Fundi Moshi akaacha kutafuna, na hiyo peke yake ilitosha kumtisha mtu.

Sindano akalirudisha swali upesi, akajaribu kuiondoa ile draiva isiyouliza ili aweke iliyorekebishwa. Kompyuta ikakataa: kifaa kinatumika. Kwenye orodha ya vifaa palikuwa na mstari mmoja mtupu, hauna jina, unawaka.

"Kinatumika na nani?" akanong'ona Fundi Moshi.

Katika sikio la kushoto la Sindano, pumzi za mama zilikuwa zimeanza kuwa ndefu.

Fundi Moshi akamkimbilia mjomba wake, mganga aliyekaa nyuma ya jengo lao. Mzee akaja na mkoba, akavaa visikilizio, akavivua taratibu kama anayeweka chini yai.

"Huyu anaitwa nani?"

"Hatujui, mjomba."

"Mlimkaribisha kwa jina gani?"

"Hakuulizwa," akasema Sindano.

Mzee akamgeukia. "Mwanangu, mimi jini namshika kwa jina, namtoa kwa jina. Huyu umemfungulia mlango hata hujui ni nani. Sina pa kumshika." Akafunga mkoba. Mlangoni akavua viatu, akavishika mkononi, akashuka ngazi pekupeku asije akasikika.

Sindano akapiga simu nyumbani.

"Mama mdogo, mbandue mama kile kidude. Sasa hivi, tafadhali."

"Mbona nilishakibandua tangu asubuhi? Kilikuwa kinamwasha. Kipo kabatini."

"Lakini mimi namsikia."

"Hata mimi namsikia hapa kwenye kompyuta. Amelala vizuri leo, sijataka kumsumbua. Unalia nini sasa?"

Alikimbia. Alikimbia kwa miguu katikati ya jua la mchana, akipita maduka yaliyo wazi na watu wanaocheka, na ile pumzi ikamfuata sikioni ingawa simu alikuwa ameizima na kisikilizio alikuwa amekitupa, ikivuta, ikivuta, mpaka akaona kwamba hata hewa ya barabarani inapungua mbele yake, na kila mlango wenye kompyuta ndani alioupita ulitoa harufu ileile ya shimo, na hakuna mtu hata mmoja aliyegeuza kichwa.

Mama alikuwa amefunikwa blanketi hadi kidevuni. Chumba kizima kilipumua. Sindano akaizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akaubeba mkononi, na pumzi ikaendelea kutoka kila upande, nzito, ya kushiba, wakati yeye ameingiza mkono chini ya blanketi na kuushika mkono wa mama, na mkono ule ulikuwa baridi mpaka kwenye kiwiko, baridi ya saa nyingi, vidole vimeshakataa kukunjuka.

"Umeona?" mama mdogo akanong'ona mlangoni, anatabasamu, ana bakuli la uji. "Hata bila mashine unamsikia. Dada yangu anapata nafuu. Hebu mwinue kidogo, anywe uji."