Kifungo cha Mkono Mwingine

"Simama hapo hapo! Usisogee hata hatua moja."

Fundi Saa akaganda mlangoni, kila mkono umeshika kikombe cha chai. Kwa miaka minne sasa, ikifika saa nne asubuhi, mzee huyu hufunga kabati lake la saa mbovu, akavuka barabara na kuja kunywa chai dukani kwa Mama Pindo, fundi cherehani. Siku zote hupokelewa kwa kigoda na kicheko. Leo amepokelewa kama mwizi.

"Kulikoni, Mama Pindo?"

"Kifungo hicho, cha pili kutoka juu. Nani amekushonea?"

Fundi Saa akainama kulitazama koti lake jeusi. 

"Kifungo... kipo tu."

"Kipo tu? Kifungo hakioti kama ndevu, bwana! Nimekuuliza nani kakishona?"

Hapa lazima nimtetee mama wa watu, usije ukamwona ana wazimu. Mama Pindo ana miaka sitini na minne, na arobaini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza kwenye cherehani. Kifungo akikishona yeye, uzi unaenda msalaba, rangi inalingana na kitambaa, na fundo linafichwa ndani. Hiki cha leo kilishonwa kwa uzi wa buluu kwenye koti jeusi, tena fundo limekaa juu kama chunusi. Na jana tu ndiyo amepata miwani mpya, baada ya kuikalia ile ya zamani na kukaa karibu wiki mbili bila miwani. Tangu jana anaona kila kitu. Ameona utando wa buibui darini. Amejiona kwenye kioo akasema, "Kumbe nimezeeka hivi na hakuna aliyeniambia!" Na sasa ameona kifungo.

"Mama Pindo," Fundi Saa akasema kwa upole, "naomba tuache habari za kifungo. Chai inapoa."

Angenyamaza ingekuwa nafuu.

"Tuache? Kwa hiyo yupo! Shika njia yako na chai yako, nenda kanywe naye."

Mzee wa watu akaweka kikombe kimoja mezani, akaondoka na kingine.

Ukweli wenyewe ni huu. Miezi minane iliyopita, Fundi Saa alimwambia, "Mimi mjane, wewe mjane, tuoane." Mama Pindo akamjibu, "Nipe muda nifikiri." Akafikiri, na akayapenda mafikirio yenyewe. Alikuwa na raha zake. Alilala mshazari kitanda kizima. Alisikiliza redio kwa sauti aitakayo, akala mkate kitandani bila mtu wa kulalamikia makombo. Tena ilimfurahisha kujua kuna mwanaume huko ng'ambo ya barabara anasubiri jibu. Hakuwahi kuwaza kwamba anayesubiri anaweza kuchoka.

Akampigia binti yake.

"Mama, yaani unalia kwa ajili ya kifungo?"

"Silii! Mwanangu, mwanamke akimshonea mwanaume kifungo, koti likiwa mwilini, pua yake inakuwa wapi?"

"Pengine alilivua koti."

"Alivue kwa nani?! Hapo ndipo unanimaliza kabisa."

"Haya, unamshuku nani?"

"Nani mwingine? Bibi Manukato."

Bibi Manukato ni msusi, saluni yake iko jirani na kibanda cha Fundi Saa. Mjane naye, umri wa miaka hamsini na kitu, kicheko chake kinasikika mpaka barabara ya pili. Mwezi huu saa yake ya ukutani imeharibika mara mbili. Mara mbili!

"Anayeshonea watu nywele kwa sindano hashindwi na kifungo," Mama Pindo akasema.

"Mama, nikuulize. Unamtaka yule mzee?"

"Simtaki!"

"Basi mwache ashonewe."

"Mtoto huna adabu wewe," akasema, akakata simu.

Akakaa. Akaitazama chai mezani, akaapa hainywi. Akainywa. Halafu akachukua simu na kuanza kuandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja:

"Fundi Saa. Kesho usilete chai. Nitajie huyo mtu basi."

Jibu likaja: "Mama Pindo siwezi. Naomba usinilazimishe."

"Huwezi au hutaki?"

"Nitakuumiza."

Mama Pindo akalisoma neno hilo mara tatu, miwani mpya puani, akitamani ile ya zamani isingevunjika, asingeona vyote hivi.

Kesho yake saa nne ikagonga, mlango mtupu. Akajipikia chai mwenyewe, ikawa chungu, akatia sukari, ikazidi sukari. Kifuniko cha chupa ya mafuta ya cherehani kikakataa kufunguka, na mtu wa kumfungulia ndiye huyo kamfukuza. Akanyanyua macho kutazama ng'ambo, ndipo akamwona. Fundi Saa, koti lilelile mwilini, saa ya ukutani kwapani, anaingia saluni.

"Lo! Mara ya tatu!"

Akatoka kama alivyo, mkasi wa kukatia vitambaa ukining'inia shingoni. Magoti yanayomsumbua kila ngazi siku hiyo hata hakuyasikia.

Saluni ilikuwa na wateja watatu, mmoja kichwa nusu kimesukwa. Wote wakageuka.

"Bibi Manukato, nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini tena, dada yangu?"

"Ya mkono wako. Masikini, hujui hata kushona kifungo." Akamshika Fundi Saa ukosi wa koti, akamgeuza kwa wateja. "Tazameni wenyewe! Uzi wa buluu, koti jeusi! Fundo nje! Aliyeshona hivi ni kipofu, na kama si kipofu ni mvivu. Mwanamke wa namna hii hafai kumtunza mume wa mtu yeyote!"

"Mama Pindo, nakuomba," Fundi Saa akasema kwa sauti ya chini. "Usiendelee."

"Unamtetea mbele yangu!"

Bibi Manukato akaweka kitana chini.

"Shoga, nisikilize. Sijamshonea mtu kifungo mimi. Wiki iliyopita nilimwambia, lete nikukazie hicho maana kinaning'inia. Akarudi nyuma kama nimetaka kumwibia. Akasema kifungo hicho asikiguse mtu, hata kama ni mimi."

 Mkono wa Mama Pindo ukaliachia koti. Bibi Manukato angemkasirisha tu. Lakini mwanamke mwingine, asiyejulikana, ambaye kazi yake mbovu inalindwa hivyo? Huyo alikuwa amependwa.

"Kwa hiyo unampenda," akasema.

"Nampenda."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi."

"Na mimi je?" Sauti ilimtoka ndogo, mbele za watu, na hakujali. "Nilikuwa nakusubirisha tu, Fundi. Nilitaka uniombe tena mara moja. Sikujua kama napoteza."

Akatoka. Fundi Saa akaiacha saa kwenye kiti, akamfuata hadi dukani kwake, akafunga mlango.

"Mama Pindo. Unaikumbuka Jumanne ile, siku moja baada ya miwani yako kuvunjika?"

"Sitaki hadithi."

"Nilikuletea koti. Nikakwambia nitasubiri miwani itoke. Ukaniambia wewe unashona hata ukifumba macho, nisikutie nuksi. Ukanipa mgongo."

 Mama Pindo akaikumbuka. Uzi uliokataa kupita kwenye tundu la sindano. Vidole vilivyokuwa vikitafuta njia vyenyewe huku yeye akiimba kwa sauti ili mzee asijue anahangaika. Kazi alizoshona hivyo wiki ile, bila kuona, zilikuwa nyingi, na ukweli ni kwamba alikuwa anataka kuzisahau zote.

Akajikalisha taratibu kwenye kigoda.

"Ni mimi."

"Ni wewe."

"Kwa nini hukuniambia jana, we mwanaume?"

"Nikwambie kwamba kifungo ulichokitukana hivyo ni kazi ya mkono wako? Nikaona bora unichukie mimi wiki moja kuliko uuchukie mkono wako."

Akalia. Kwanza akayalilia macho yake, na vidole vyake, na miaka arobaini na mmoja. Halafu akakumbuka alichokisema saluni, na kicheko kikamshika katikati ya machozi.

"Mungu wangu! Nimejiita kipofu mbele za watu."

"Na mvivu."

"Na nimesema hafai kumtunza mume."

"Hilo ndilo liliniuma," Fundi Saa akasema. "Maana mimi bado namngoja."

 Mama Pindo akavua miwani, akafuta machozi kwa pindo la kanga, akaivaa tena. Akasimama, magoti yakalia.

"Unaenda wapi?"

"Kumwomba radhi Bibi Manukato. Nimemvunjia heshima mbele ya wateja wake."

"Twende wote. Na saa yake nimeiacha kule."

"Keti!" Mama Pindo akageuka mlangoni, macho yamewaka upya. "Hiyo saa nitamwambia ailete mwenyewe, tena dukani, mchana, watu wakiona. Mume wangu hana kazi ya kuingia ingia saluni."

Akavuka barabara bila kugeuka nyuma. Fundi Saa akabaki amekaa kwenye kigoda, anacheka peke yake.